Leta Ile Iliyokushinda

Siku tuliyomzika, mwanawe mkubwa alisimama mbele ya waombolezaji akasoma wasifu wa baba yake. Alizaliwa wapi, akabatizwa lini, akafunga ndoa na nani, watoto wangapi, wajukuu wangapi, akaugua nini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, kule migombani, viatu vimejaa tope, nasubiri afike kwenye vikundi vyake vya uchoraji. Hakufika. Alikunja karatasi, akawashukuru madaktari na majirani, kwaya ikaimba. Nikasema moyoni, loh, yaani ndiyo imetoka hiyo? Kitu ambacho mzee yule alikipenda kuliko chakula hakikupata hata mstari mmoja.

Basi nami naandika ya kwangu. Ya kuzaliwa na ukoo yameshasomwa, sitayarudia, na jina lake libaki kwenye karatasi ya mwanawe. Niseme tu mapema kwamba wachoraji tulikuja wote siku ile. Wote kumi na mmoja wa kikundi cha mwisho, pamoja na wale tuliokuwa hatusemeshani. Likumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia.

Sisi tulimwita Mwenyekiti, na jina lenyewe alikuwa halitaki hata kulisikia. Alianzisha vikundi vitatu vya wachoraji hapa Arusha, wa kufundishana na kushikana mkono, na hakukubali kuwa mwenyekiti wa hata kimoja. Kila mara alisimama akasema, "Chagueni mtu mwingine, mimi nimekuja kujifunza kama ninyi." Tukamchagua mtu mwingine, na huyo mtu mwingine akiulizwa neno lolote aligeuka kumtazama yeye. Kule Sombetini jina lilimganda hadi watu wasiomjua wakawa wanamletea barua za kugongewa muhuri, wakidhani ni mwenyekiti wa mtaa. Siku ya kwanza alikasirika. Siku ya tatu nilimkuta amekaa na mama mmoja anamsaidia kupanga maneno ya barua yake, kisha akamwonyesha njia ya kwenda kwa mwenyekiti mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango kwa mkono. Maduka ya dawa, saluni, shule, vyama vya ushirika vya kahawa huko juu mlimani, kuta zote hizo zilipita mikononi mwake. Herufi zake zilikuwa zimesimama wima kama askari wa gwaride, na alizichora bila rula. Alikuwa na msemo wake: "Mimi nimeandika Umoja ni Nguvu kwenye kuta nyingi. Kuta ninazijua zilipo. Umoja sijui ulikwenda wapi." Mtu akimletea ile ya kidole kimoja hakivunji chawa, alimjibu, "Na vidole kumi vikigombana, chawa si anazeeka kwa raha zake?"

Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, kazi ya mkono ilikufa. Alikuwa na rafiki yake, mwandishi mwenzake wa mabango, ambaye alijifungia chumbani akasema sasa atachora picha za kweli. Miaka ikapita. Akiulizwa, anasema anachora. Alipofariki, Mwenyekiti ndiye aliyekwenda kufungua chumba, akakuta turubai za picha zimegeuziwa ukutani. Akazigeuza moja moja. Zote zilikuwa zimeishia katikati. Mlima hauna miti, mama hana uso, ng'ombe ana miguu miwili. "Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ilipoanzia kuharibika," alituambia. Hiyo ndiyo sababu ya vikundi vyote vitatu, na sijawahi kumsikia akitoa nyingine.

Sheria yake kubwa ilitokana na chumba kile. Kila Jumatano saa nane mchana, kila mtu alikuja na kazi moja, na haikutakiwa iwe nzuri. "Nzuri mpelekee mzungu," alisema. "Hapa leta ile iliyokushinda." Picha iliegemezwa ukutani, tukaitazama kimya, kisha kila mmoja alisema sentensi moja tu: ilianza kuharibika wapi. Kusema "nzuri" ilikuwa marufuku. Kusema "pole" ilikuwa marufuku zaidi, na aliyesema pole aliosha brashi za watu wote siku hiyo.

Jamani, wewe hebu fikiri. Sisi ni watu ambao mtu akijikwaa tunamwambia pole, akipiga chafya pole, akirudi kazini pole na kazi, akibeba ndoo pole. Unamwekea Mtanzania picha iliyoharibika mbele yake, na mwenye picha ameinamisha kichwa, halafu unamwambia asiseme pole? Miezi ya mwanzo tuliosha brashi mpaka kucha zikawa na rangi za bendera. Kuna dada mmoja wa Kikatiti aliyekuwa anafika mlangoni na beseni lake kabisa, kwa sababu alijijua.

Mara yangu ya kwanza nilipeleka picha ya mama yangu akiuza ndizi sokoni Tengeru. Uso ulikuwa umenishinda. Mwenyekiti aliitazama, akaitazama, akasema, "Ilianza kuharibika ulipoogopa kumchora amekasirika. Mkono una hasira, uso umeutoa kwenye kadi ya Krismasi." Nikatoka nje nikalia. Ukweli ni kwamba mama yangu alikuwa mtu wa hasira, na hakuna aliyewahi kuniambia nina ruhusa ya kulijua hilo. Elibariki, kijana wa Sekei aliyekuwa mchoraji bora kuliko sisi sote, alinifuata akanipa kitambaa nijifute machozi. Kitambaa kilikuwa na thina ya kuyeyushia rangi, mjinga yule. Macho yaliniwaka wiki nzima, na sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Usidhani lakini kwamba Mwenyekiti alikuwa mtu wa watu. Weee! Alikuwa anapenda watu wakutane, ila yeye watu walikuwa wanamchosha. Tukishaanza kugawana loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, na stori zikanoga, alichukua kikombe chake cha chai akatoka nje "kuangalia mlima," akakaa huko peke yake hadi tumalize. Alihubiri kushirikiana, ila brashi zake hakuna aliyezigusa. Alizifunga kwenye kipande cha kitenge, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa kati ya miguu yake kama mtu anayesafiri na pesa. Na yeye aliyetulazimisha kuleta zilizotushinda, hakuleta yake hata Jumatano moja. Tukimuuliza, "Mwenyekiti, yako iko wapi?" alisema, "Bado haijanishinda." Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa maneno mawili: "Hapo sasa." Mimi nilikuwa nimeyapata mara mbili kwa miaka yote, na nakumbuka nilikuwa nimevaa nini.

Watu hudhani vikundi vya wasanii hufa kwa sababu ya hela. Vya kwetu havikuwahi kuwa nazo za kugombania. Kile cha Sombetini, nyuma ya karakana ya mchomelea mageti, kilikufa kwa katiba. Walikuja wageni fulani, wakatuona, wakafurahi, wakatuuliza kama tuna katiba. Hatukuwa nayo. Basi Jumatano zote zikageuka za katiba. Tukagombana kama msemaji wa kikundi ni mkubwa kuliko katibu. Tukawa na mtunza nidhamu, picha hatuna. Wageni hawakurudi tena. Mwenyekiti alikaa kwenye kona na kopo lake, na siku moja aliuliza kwa upole, "Kifungu hiki cha tisa, kilianza kuharibika wapi?" Hakuna aliyecheka.

Cha Kikatiti, kwenye chumba cha usharika, kilikufa kwa mvua. Wengi kule walikuwa wakulima. Masika ilipoingia walikwenda shambani, na masika ilipokwisha hawakurudi. Mwenyekiti alikuwa anatoka kwake, anafika, anafagia, anasubiri. Dada wa beseni ndiye aliyebaki hadi mwisho, na huyo baadaye alihamia nasi Sekei.

Lakini nimesahau kusema la mtihani, na bila mtihani huwezi kumwelewa mzee. Kwake yeye kikundi kilikuwa na maana moja tu: "Kikundi ni kile kinachokutana mimi nisipokuwepo. Kikikutana kwa sababu nipo, hicho ni darasa." Waswahili wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alitaka asiwepo, na lake liwepo. Hicho ndicho kitu pekee alichokiomba duniani, mbali na chai isiyo na sukari. Kwa hiyo kila kikundi kikishapata miezi kadhaa, ghafla Jumatano moja hakuja. Hakuaga, hakutuma ujumbe. Na kumbe hakuwa mbali! Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, dukani kwa Mangi, maana kila mtaa una Mangi wake, ameshika soda, anaangalia mlango.

Sombetini, mlango haukufunguliwa kabisa. Kikatiti walikuja wawili, wakaulizana Mwenyekiti yuko wapi, wakatoka kwenda kumtafuta, wakampita pale pale dukani bila kumwona. Sekei tulikuja wote. Tulipoona hayupo tukafurahi kama watoto ambao mwalimu anaumwa, tukapiga soga za mpira, hakuna aliyegeuza picha yake, saa tisa kila mtu akashika njia. Jumatano iliyofuata alisema, "Mlikutana. Hamkufanya kitu. Nawapa nusu." Mtihani mzima tuliufaulu mara moja tu, na nimeshakwambia ni siku gani, ile ya migombani.

Sasa nifike kwenye ukungu, japo sitaki.

Kikundi cha Sekei kilikuwa kwenye stoo ya mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Neema, na ndicho kilichoishi zaidi. Hapo Elibariki aligundua namna ya kuchora ukungu wa Mlima Meru. Alichukua kipande cha godoro kuukuu, akakilowesha kidogo, akakipitisha kwenye rangi kabla haijakauka kwa mzunguko fulani wa kiganja, na ukungu ukatokea pale mbele yako. Ukiutazama unatamani sweta. Duka moja la zawadi za watalii likawa linachukua kila anachochora. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anakula kwa brashi.

Mwenyekiti akamwambia afundishe. Sheria ya pili ilikuwa hakuna siri mezani. Elibariki aliangalia chini. "Mwenyekiti, hiki ndicho kinanilisha."

"Kitakulisha vizuri zaidi tukikijua wote," Mwenyekiti akasema. "Utapata wa kukusukuma mbele."

Mzee alikosea. Nalisema wazi kwa sababu watu wakishakufa tunawapaka sukari. Alikosea, na sisi tukamalizia. Elibariki alitufundisha mchana mmoja, kwa moyo, akitushika viganja mmoja mmoja. Sisi hatukwenda kuutumia ukungu huo kwenye picha zetu wenyewe. Kila mmoja alikwenda nyumbani akachora Mlima Meru wenye ukungu. Na wa kwanza kuupeleka kwenye duka lile lile ni mimi. Picha tatu, nimezifunga kwenye shuka, asubuhi mapema ili nisikutane naye. Nilijiambia nina watoto. Na kweli ninao, ila yeye pia ana watoto.

Haikuchukua muda, kila duka la zawadi mjini likawa na Meru yenye ukungu. Elibariki alipopeleka za kwake, mwenye duka akamwambia, "Na wewe umeanza kuiga hii staili? Mbona zimejaa."

Jumatano hiyo alikuja na picha moja, ukungu wake mwenyewe, mzuri kupita yote. Akaiegemeza ukutani. Akasema, "Hii ndiyo iliyonishinda. Haya, semeni. Ilianza kuharibika wapi?"

Tulikuwa kumi mle ndani, ukimtoa yeye na Mwenyekiti. Hakuna aliyefungua kinywa. Mwenyekiti alichukua kikombe chake akatoka nje kuangalia mlima. Elibariki akasubiri kadiri adabu inavyotaka, akaichukua picha yake akaondoka. Siku hizi yuko kwenye kijiwe cha bodaboda, mtaa huo huo, hatua chache kutoka stoo. Kwa miezi mingi tulipita mbele yake kwenda kukutana, tukamsalimia, naye akaitikia vizuri kabisa.

Baada ya hapo watu walianza kuleta picha ambazo hazijawashinda. Unaelewa? Zile za katikati, zisizo na kitu cha kuibiwa. Halafu wakaanza kutoleta. Wakati huo huo macho ya Mwenyekiti yalikuwa yanaondoka. Presha ya macho. Tuliona herufi zake za majaribio zinaanguka mstari, zile zilizokuwa zinasimama bila rula, tukaona anajaza chai hadi inamwagika. Kikundi chote cha watu waliofundishwa kusema ilipoanzia kuharibika, na hakuna aliyemwambia. Tulimpisha njia tu. Daktari alipomwona alisema angekuja mapema.

Alipoacha kuja mjini alinipa mimi ufunguo wa stoo. Kwa nini mimi, sijui hadi leo. Yeye simu yake ilikuwa kitochi, hakuwa kwenye lile kundi letu la WhatsApp, ambalo mpaka sasa lina afya njema kabisa: kila asubuhi kuna ua lenye maandishi ya Mungu ni mwema. Kwa hiyo kila Jumatano saa kumi na mbili jioni alinipigia.

"Mmekutana?"

Mwanzoni nilisema kweli. Tulikuwa sita. Tulikuwa wanne. Tulikuwa wawili, mimi na dada wa beseni. Kisha dada wa beseni akaanza kumuuguza mama yake, nikawa peke yangu, nimekaa na picha yangu natazamana nayo. Jioni hiyo alipouliza, nikasema, "Tumekutana, Mwenyekiti." Nilijiambia kwamba mimi na picha ni wawili.

Uongo ukishapata pa kukaa, unaagiza na kiti. Wiki iliyofuata nilimtajia watu wanne. Akataka kujua wameleta nini. Ikabidi nichore picha kichwani nikiwa jikoni nasonga ugali, niitafutie na kosa lake. Naye alisikiliza, akatoa rekebisho: "Mwambie kijani kimezidi upande wa mto." Nikasema nitamwambia. Mama Neema alipohitaji stoo yake aweke chakula cha kuku wa kuuza, nilimrudishia ufunguo bila neno, na Jumatano jioni nikasema tulikuwa watano. Mungu anisamehe, nilianza kuzingoja zile simu. Zilikuwa zimebaki ndizo kikundi chenyewe.

Halafu nikazidisha. Siku moja sauti yake ilikuwa imechoka sana, nikataka kumpa kitu. Nikamwambia Elibariki amerudi.

Akauliza, "Amerudi mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mwenyekiti. Wiki ijayo analeta kazi."

Wiki iliyofuata alipiga saa ile ile. Nikampa picha ya Elibariki. Nilikuwa nimeiandaa siku nzima. Nikamwambia ni vijana wa bodaboda asubuhi ya mwezi wa saba, wamekaa juu ya pikipiki zao, mikono kwapani, hakuna abiria. Ukungu hauonekani kabisa, ila baridi unaiona kwenye mabega. Nikamwambia kilichomshinda ni macho yao. Mwenyekiti akasema, "Wote wanatazama upande mmoja. Mwambie mmoja atazame chini." Akaniaga.

Jumamosi nilipanda kwake, juu ya Tengeru. Nilibeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kuona mgonjwa wa kawaida. Kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mkewe alinikaribisha, akanipa kigoda mbele ya mzee aliyekuwa amekaa barazani, ameuelekezea uso mlima asiouona.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda kwa miguu?"

"Nimepanda kwa miguu."

Aliitikia kwa kichwa. Mkewe akaingia jikoni. Mzee akangoja asikie mlango, akasema, "Jumatano nilikuwa Sekei."

Niliweka sukari na sabuni chini.

"Nilipata kijana wa kunishusha," akaendelea. "Nikamwambia nipeleke, leo kuna mtu analeta kazi nataka kuwepo. Akaniacha mlangoni. Nikapapasa, kuna kufuli. Nikasema hawa ni wachoraji, wanachelewa. Nikakaa kizingitini. Nikawa nasikia harufu ya chakula cha kuku, nikasema labda siku hizi mnachanganya rangi na nini sijui."

"Mwenyekiti..."

"Ngoja. Saa kumi hivi akaja mtu akasimama mbele yangu. Akasema, Mwenyekiti, unafanya nini hapa? Nikamjua kwa sauti. Nikamwambia, Elibariki, nimekuja kuiona picha yako. Akaniuliza, picha gani?"

Kuku walikuwa wanaparua chini ya migomba. Nilitazama mikono yangu.

"Alikaa na mimi," akasema. "Saa kumi na mbili nikakupigia. Nilikuwa pale pale. Nikaweka sauti kubwa, naye akasikiliza."

"Akasemaje?"

"Ulipomaliza akanipandisha kwenye pikipiki akanileta nyumbani." Akapangusa goti lake taratibu. "Ile picha ilikuwa nzuri, mwanangu. Nimesikitika sana kwamba haipo."

Ningependa kukwambia kwamba nililia, ila hata hilo sikuliweza. Niliona aibu mpaka masikio. Akaniachia muda, kisha akasogeza kiti chake kidogo kunielekea.

"Miaka yote mmekuwa mnaniuliza yangu iko wapi," akasema. "Leo nimeileta. Ndiyo hiyo, vikundi. Imenishinda. Sasa fanya kazi yako. Ilianza kuharibika wapi?"

"Kwangu," nikasema haraka. "Ule ukungu, mimi ndiye wa kwanza niliyepeleka dukani."

"Nalijua. Mwenye duka aliniambia wakati ule ule. Angalia tena, ni kabla ya hapo."

Nikaangalia. Kweli nilikaa pale nikaangalia, kama alivyotufundisha, bila kuharakisha. Niliona karakana ya Sombetini, na chumba cha usharika Kikatiti, na stoo, na mlango wa kila pahali. Na mbele ya kila mlango, ng'ambo ya barabara, nikamwona yeye na soda yake. Alisema alitaka tukutane asipokuwepo, na hakuna hata siku moja ambayo hakuwepo.

"Ilianza kuharibika pale kwa Mangi," nikasema. "Ulipokuwa unatuangalia."

Macho yake yalikuwa wazi, hayana kazi, na kidevu kilikuwa kinatetemeka kidogo kama cha mtoto anayezuia kilio.

"Hapo sasa," akasema.

Ilikuwa mara yangu ya tatu. Niliona kile kidevu, na neno likaniponyoka.

"Pole, Mwenyekiti."

Akaelekeza uso kwangu. Akangoja, labda nijirekebishe, nami sikuwa na cha kurekebisha.

"Brashi ziko kwenye kopo," akasema. "Muulize mama, liko jikoni."

Mkewe alinipa kopo la maziwa ya unga na kitenge chake. Nikalipeleka nyuma ya nyumba, penye mfereji unaotoka mlimani, maji baridi hadi mifupani. Sikuwahi kuzigusa kabla. Zilikuwa zimekauka ngumu kama vijiti, na nyingine zilikuwa bado na buluu ya zamani shinani. Nilizisugua kwa ile sabuni niliyoileta mimi mwenyewe. Nywele zikawa zinatoka na kwenda na maji. Mkewe akaja akasimama, akasema, "Acha, mama, hizo hazifai tena, nilitaka kuzitupa." Nikamwambia anatusikia. Barazani mzee alikuwa amegeuza sikio upande wetu.

Nikaziosha zote.